Wingu lisilo dawa: kisa cha pumu, vepu na mafuta ya karafuu kisiwani Pemba

Kisa hiki kinaandikwa kwa ridhaa ya mwenyewe. Kijiji, tarehe na baadhi ya mambo ya nyumbani kwao nimeyaacha au nimeyageuza, asijulikane. Nitamwita Kijana, maana kwenye kituo chetu cha afya hakuwa na jina jengine: "yule kijana wa vepu." Kwa asiyeijua, vepu ni sigara ya umeme. Ina betri, waya mwembamba uliosokotwa juu ya kipande cha pamba, kijichupa cha maji mazito na mdomo wa kuvutia. Betri inapasha waya, waya unachemsha maji yaliyonyonywa na pamba, na mvuke ukipoa unakuwa lile wingu jeupe. Hon Lik, mfamasia wa China, ndiye aliyeiunda kwa umbo tunaloliona leo, mwaka 2003, ili kuwapa wavutaji nikotini bila ya moto. Wazo la kuitia dawa ya pumu lilimjia Kijana mwenyewe, akiwa kibandani kwake.

## Usuli

Kijana yumo kwenye miaka ya 20. Ni fundi simu, ana kibanda cha mbao karibu na stendi ya daladala, na ana pumu tangu darasa la pili. Daftari lake la matibabu limejaa mihuri ya vituo vitatu, na karibu kila ukurasa una maneno yale yale: pumu, apewe salbutamol, yaani dawa ya kufungua mirija ya pumzi. Nimelipekua lote. Hapana mahali palipoandikwa kwamba mtu alikaa naye akamtazama anavyoivuta pampu.

Utotoni kila alipobanwa bibi yake alimkimbiza hospitali, akavishwa barakoa ya nebulaiza, mashine inayoigeuza dawa ya maji kuwa matone ya kuvutwa. Msomaji alishike hili, kwani mengi yaliyofuata yametoka hapo. Mtoto kabanwa, kavishwa barakoa, kaona moshi mweupe unafuka puani, na baada ya robo saa anapumua. Alikua akijua kwamba dawa ya pumu ni ule moshi. Pampu aliyoandikiwa ukubwani haikuwa na moshi wa kutazamwa. Ilipiga "pssh", ikampoza ulimi, basi. Alitwambia baadaye kwamba hakuwahi kuiamini hata siku moja.

Na kwa namna alivyoitumia, alikuwa na haki ya kutoiamini. Aliipuliza kwanza ndipo akavuta pumzi, hivyo dawa nyingi ilibaki ulimini na kooni. Isitoshe, pampu yake haikuwa na kihesabio. Pampu ya kawaida ya salbutamol ina mipulizo 200, kila mpulizo mikrogramu 100. Yeye alikuwa akipuliza mara tatu kwa siku na pampu ile ile alikuwa nayo mwezi wa tatu. Tukapiga hesabu pamoja: mipulizo 200 ilimalizika kwenye siku ya 66 hivi. Baada ya hapo gesi ya kusukumia huendelea kutoka kwa muda, na sauti ni ile ile, lakini dawa iliyomo si ya kutegemewa tena. Kuitikisa hakukwambii kitu. Na pampu mpya ilikuwa inamgharimu kazi ya siku kadhaa.

Msimu ulikuwa wa karafuu. Uwanja wa nyumbani kwao ulikuwa majamvi matupu, na usiku watu walikaa ndani kuchambua, karafuu huku makonyo kule, vumbi likielea chini ya taa. Alikuwa akiamka usiku mara mbili, mara tatu.

Wakati huo binamu yake akarudi safari na vepu ya kujaza, ikiwa na masalia ya maji ya ladha ya embe yenye nikotini. Na kwenye simu Kijana akakutana na video ya mtu akisema kwamba huko ng'ambo sasa dawa za kifua zinavutwa kwa vepu. Maneno hayo yana chembe ya ukweli, nitayarudia.

## Siku tano

Siku ya kwanza alisaga vidonge 10 vya salbutamol, vya miligramu 4 kila kimoja, kwa mgongo wa kijiko juu ya kioo cha simu iliyovunjika. Unga akautia kwenye mililita kama 10 za glisarini ya duka la vipodozi. Juu yake akadondosha mafuta ya karafuu, "matone matano au sita, dokta, sikuhesabu," kwa kuwa bibi yake alikuwa akimchua nayo kifuani tangu mdogo. Chupa yenyewe ilikuwa mafuta ya kuchulia ya sokoni, yaani karafuu iliyozimuliwa na mafuta mengine. Akaijaza vepu bila kuiosha.

Mvuto wa kwanza ulimpa kila alichokitaka. Wingu kubwa, harufu ya dawa ya bibi, koo likapoa, kifua kikawa kama kimefunguka. Usiku huo alilala.

Siku ya pili vijana wawili wa hapo kibandani, mmoja ana pumu na mwengine ana mafua tu, walijaribu. Siku ya tatu Kijana akaanza kikohozi kikavu. Siku ya nne homa. Kadiri alivyobanwa ndivyo alivyovuta. Hesabu yake ilikuwa kwamba dozi ni ndogo. Alfajiri ya siku ya tano ami yake alimleta kwa bodaboda, mama yake akafuata nyuma kwa nyengine.

Alifika kainama mbele, mikono magotini, maneno mawili kwa pumzi moja. Oksijeni kwenye damu asilimia 87, pumzi 34 kwa dakika, mapigo ya moyo 128, joto 38.4. Kifua kilikuwa kinalia filimbi pande zote mbili, na kwa chini, nyuma, nikasikia kitu chengine: mikwaruzo midogo midogo kama chumvi inayorushwa kwenye moto. Filimbi ni sauti ya pumu. Mikwaruzo ile haikuwa na kazi hapo.

Nikamuuliza swali tunalomuuliza kila mtu.

"Unavuta sigara?"

"La, dokta."

Ami yake akadakia: "Huyu? Hata barzani kwa wavuta sigara hakai."

Wote wawili walisema kweli. Nikaandika "havuti", nikaendelea.

Tulimpa oksijeni, nebulaiza ya salbutamol miligramu 5 mara tatu ndani ya saa moja, na prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 za kumeza. Ipratropiamu, dawa nyengine ya kufungua mirija, hatukuwa nayo. Baada ya saa filimbi zilipungua sana. Oksijeni ilikwama kwenye 91 akiwa bado kwenye mpira wa oksijeni, na mikwaruzo iko pale pale. Nikasema moyoni: nimonia juu ya pumu. Tukaanza antibiotiki, tukaita gari ya wagonjwa impeleke hospitali kubwa.

Aliyekizungusha kisa ni muuguzi wa zamu, na pua yake. Alikuwa anarekebisha barakoa akasita.

"Mama, huyu kanywa chai ya karafuu?"

"Tangu juzi hajatia kitu mdomoni, mwanangu."

Muuguzi hakusema neno. Alingoja ami atoke kwenda kuzungumza na dereva, akamwomba mama akatafute khanga ya kumfunika mgonjwa njiani, kisha akainama sikioni kwa Kijana: "Hicho kinachonuka karafuu, unakivutia na nini?" Kijana akatia mkono mfukoni, akakitoa.

## Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kutomkaripia na kutomnyang'anya. Nilitaka kufanya yote mawili, nakiri. Lakini tulihitaji kujua kilichomo ndani ya ile vepu kuliko tulivyohitaji kumwadhibu, na mtu mwenye oksijeni ya 91 akifokewa hufunga mdomo. Tulimwomba ruhusa ya kubaki nayo "tuiangalie" na tukamwahidi kumrudishia. Hatukumwambia ami yake. Mama tulimwambia baadaye, Kijana akiwepo na akiwa amekubali.

La pili lilikuwa kupiga simu hospitali kabla gari halijafika, kubadili taarifa. Barua ya rufaa ilikuwa imeandikwa "pumu kali na nimonia". Tuliongeza: amevuta kwa siku tano mvuke wa glisarini, mafuta, unga wa vidonge na masalia ya nikotini. Maneno hayo yalibadili mambo mawili. Picha ya kifua ilipigwa asubuhi ile ile badala ya kungojewa, na dawa ya jamii ya steroidi haikukatwa mapema.

Sababu ya kuhangaika hivyo ilitokea Marekani mwaka 2019, pale vijana wengi wenye afya walipoanza kulazwa kwa ugonjwa mkali wa mapafu baada ya kuvuta vepu. Hadi Februari 2020 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na waliofariki walikuwa 68. Mtuhumiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichotumiwa kuzimulia maji ya bangi ya vepu. Vitamini E hiyo mtu akiimeza au akijipaka kwa kawaida haimdhuru. Mapafuni ni habari nyengine. Hakuna kipimo kimoja kinachousema ugonjwa ule. Unaondoa nimonia, unaondoa kifua kikuu, unabaki na historia ya mgonjwa. Asiyeuliza, haupati.

Kuhusu karafuu pia si jambo jipya. Mwaka 1985 Marekani iliripoti wagonjwa walioumwa vibaya mapafu, wengine kwa kubanwa, wengine kwa nimonia, baada ya kuvuta sigara za karafuu za Indonesia. Karafuu ina eujenoli, ile ile inayotia ganzi jino. Kijana alipoona "koo limepoa", koo lilikuwa linatiwa ganzi. Kikohozi ni mlinzi wa mlango. Ukimtia ganzi humsikii tena akibisha.

La tatu ni antibiotiki. Tulizianza kabla hatujajua habari ya vepu na hatukuzisimamisha tulipojua. Ningefanya hivyo tena: homa 38.4 na mikwaruzo, mgonjwa anasafirishwa, na maabara iko mbali.

## Kifaa mezani

Wiki tatu baada ya kutoka hospitali alikuja kituoni, akaomba aifungue vepu kwa bisibisi yake mwenyewe aliyokuja nayo mfukoni. Nilikuwa nimeiweka vepu kwenye droo. Aliifungua mezani kwangu kama anavyofungua simu: kigoda cha betri kule, kichwa huku, kila skrubu kwenye kifuniko cha chupa.

Pamba ilikuwa imegeuka kahawia na imekauka, inavunjika kama jani la mgomba lililokaa juani. Waya umevaa gamba jeusi. Chini ya kijichupa kulikuwa na tope jeupe. Alilichota kwa ncha ya bisibisi, akalisugua kwa vidole, akaniangalia.

"Hiki ndicho kidonge, dokta?"

Ndicho, na zaidi ya hicho. Kidonge cha miligramu 4 si dawa tupu. Dawa ni chembe ndogo ndani ya wanga, sukari ya maziwa, pengine talki na vitu vya kukifanya kishikane na kisigande kwenye mashine ya kukitengenezea. Vitu hivyo havigeuki mvuke. Vilivyo vizito vilizama, vilivyopita kwenye pamba viliungua kwenye waya, na hilo ndilo gamba. Talki ikifika mapafuni hukaa. Mwili hujenga vinundu kuizunguka.

Sasa dawa yenyewe. Glisarini huchemka kwenye nyuzi 290 hivi. Salbutamol huyeyuka kwenye nyuzi 157 hivi na hapo hapo inaanza kuvunjika. Kabla glisarini haijawa wingu, dawa imeshaanza kupikwa. Na glisarini ikizidishiwa moto, hasa pamba ikikauka, hutoa akrolini, ule ukali unaotoa machozi mafuta ya kukaangia yanapoungua jikoni. Mtu mwenye pumu anautia kifuani makusudi, anabanwa, anavuta tena.

Kisha tukafanya hesabu kwenye karatasi. Miligramu 40 ndani ya mililita 10 ni miligramu 4 kwa kila mililita. Alikuwa anamaliza mililita 2 hivi kwa siku: miligramu 8. Mipulizo miwili ya pampu ni miligramu 0.2. Ikiwa dawa yote ingemfikia, alikuwa anavuta kwa siku sawa na mipulizo 80. Ikiwa haikumfikia hata chembe, alikuwa anavuta sifuri. Ukweli upo mahali fulani kati ya sifuri na 80, na hapana anayeweza kusema wapi, maana inategemea ukubwa wa betri, umri wa pamba, urefu wa mvuto, na kama chupa ilitikiswa. Mapigo yale 128 yaweza kuwa ya pumu, ya salbutamol, ya nikotini ya binamu, au ya woga. Hili ndilo lililomgusa fundi. Gamba halikumshangaza sana. Waya ulioungua anauona kila siku. Lakini kifaa kisichojua kimetoa kiasi gani, "hicho si kifaa, dokta, hicho ni bahati."

Akauliza swali zuri: mbona nebulaiza nayo inatoa wingu? Nikamwonesha yetu. Nebulaiza haichemshi. Hewa inayokuja kwa kasi inaipasua dawa ya maji kuwa matone, ikiwa baridi, na dawa inatoka kama ilivyoingia. Wingu la vepu limepita motoni. Kwa macho ni yale yale. Kinachofaa kifuani ni matone ya mikroni 1 hadi 5. Makubwa zaidi yanagonga koo, madogo mno yanatoka tena na pumzi. Unywele wa mtu una upana wa mikroni kama 70. Hapana jicho litakalokwambia wingu lina matone ya namna gani, wala kama ndani yake mna dawa.

## Wazo halikuwa la kijinga

Nililisema hili mbele yake na nalirudia hapa, kwa sababu wenzangu wengi walicheka waliposikia.

Kuvuta dawa kwa moshi ni jambo la zamani. Karne ya 19 wenye pumu Ulaya waliuziwa sigara za majani ya datura, na zilikuwa na dawa kweli, jamaa ya atropini, zikifungua kifua huku moshi wake ukikiumiza. Hata ile pampu tunayoiona ya kidaktari ilianza kwa swali la mtoto: mwaka 1955 binti wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, George Maison, bosi wa Riker Laboratories ya Marekani, kwa nini dawa yake haitiwi kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Mwaka 1956 pampu ilikuwa sokoni.

Na kupasha dawa kwa umeme kumeshafanywa vizuri, mara moja ninayoijua kwa uhakika. Desemba 2012 Marekani iliidhinisha kifaa cha kuvutia loksapini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili waliochafukwa. Ndani yake mna bati lililopakwa utando mwembamba wa dawa tupu, miligramu 10, bila glisarini, bila mafuta, bila ladha ya embe. Mgonjwa akivuta, bati linapata moto ndani ya muda usiofika sekunde moja, dawa inageuka mvuke kabla haijapata wasaa wa kuvunjika, inapoa na kuwa chembe ndogo zinazoshuka hadi chini kabisa. Kinafanya kazi mara moja na kutupwa, kwa hiyo dozi inajulikana. Hata hivyo kinaweza kubana kifua, kwa hiyo kilitakiwa kitumike mahali penye watu wa kuokoa pumzi, na mwenye pumu amekatazwa kabisa. Nilipomsomea Kijana sentensi hiyo ya mwisho alicheka mpaka akakohoa.

Uingereza nayo mwaka 2015 iliipa leseni ya dawa sigara ya umeme ya nikotini iitwayo e-Voke, kwa wanaotaka kuacha kuvuta. Haikufika madukani. Kwa hiyo mtu wa kwenye video hakuzua kila kitu. Aliruka tu mahali ambapo kazi yote imo: dawa gani inastahimili moto, moto kiasi gani, kwa muda gani, na mvuto mmoja unatoa nini.

## Matokeo

Alilazwa siku sita. Picha ya kifua ilionesha mawingu chini ya mapafu yote mawili. Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hakuna. Alitoka akipumua bila mpira, na picha ya wiki nne baadaye ilikuwa safi. Kama ilikuwa ni mafuta, akrolini, unga, vijidudu au vyote pamoja, hatutajua. Hospitali iliandika "madhara ya mapafu kutokana na vitu vilivyovutwa", na nadhani waliandika kwa uaminifu.

Vijana wawili wa kibandani tuliwaita kwa kumtumia yeye. Mmoja hakuwa na neno. Yule mwenye pumu alikuwa na kikohozi kilichokwisha chenyewe baada ya wiki.

Dawa zake zilibadilika. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, GINA, haishauri tena mtu mzima aachiwe salbutamol peke yake. Anahitaji steroidi ya kuvuta ya kutuliza mirija. Alianzishwa beklometasoni asubuhi na jioni, asukutue mdomo kila akimaliza. Na kwa kuwa tatizo lake lilikuwa kupuliza na kuvuta visivyokutana, tukamtengenezea chupa. Watafiti wa Cape Town walionesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako na kushikizwa vizuri kwenye pampu inafanya kazi sawa na kile kifaa cha kununua cha kuunganisha na pampu. Tundu linatobolewa kwa waya wa moto, sawasawa na mdomo wa pampu, pasivuje. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa inapata umeme na dawa inang'ang'ania kuta. Unapuliza mara moja, unavuta taratibu kutoka mdomo wa chupa, unashika pumzi.

Niliitoboa ya kwanza mimi, ikawa mbaya. Akaichukua, akaitupa, akatoboa yake.

## Kilichofaa, kilichoharibika

Swali langu la sigara liliharibika, na liliharibika mara mbili. Kwanza neno: vepu kwa vijana wa hapa si sigara, kwa hiyo "havuti" ni jibu la kweli. Pili, ami alikuwa amesimama kichwani. Kwa mila zetu kijana hawezi kukiri mbele ya ami jambo ambalo ami ameshalikanusha kwa niaba yake. Siku hizi tunauliza "unavuta kitu gani, chochote, hata dawa, hata mvuke?" na tunauliza tukiwa na mgonjwa peke yake. Imetuletea majibu ambayo hatukuwa tukiyapata, likiwemo la bibi mmoja anayejifukiza mafuta ya mchaichai kwa kichwa ndani ya sufuria.

Pua ya muuguzi ilifaa. Siwezi kuifanya utaratibu wa kituo, lakini naweza kusema kwamba mimi nilisimama karibu na mgonjwa yule yule kwa saa nzima nikiangalia namba.

Kosa kubwa zaidi lilitangulia kufika kwake. Miaka kumi na kitu ya mihuri, na hapana aliyesema "hebu vuta nikuone." Inachukua dakika mbili. Angejulikana kwamba pampu imekwisha, na kwamba hata ilipokuwa imejaa ilikuwa inamlowesha ulimi. Tunaweza kuilaumu video. Kijana hakwenda kwenye video kwa kuwa anapenda video. Alikwenda kwa kuwa pampu yake haikuwa ikimfanyia kitu, na alikuwa na hoja.

Nebulaiza sina hakika niiweke upande gani. Ilimsaidia asubuhi ile. Lakini pampu na chupa, mipulizo minne hadi kumi kila dakika 20, ingemfaa vivyo hivyo wakati tunaongeza oksijeni kwa mpira wa pua, na angejionea mwenyewe dawa isiyo na moshi ikimfungua. Badala yake tulimvisha barakoa, wingu likafuka, naye akapata ushahidi mwengine. Watoto wanaokuja kwetu sasa, tukiwa na pampu na chupa, tunaanza na hizo. Kuna akina mama wanaolalamika kwamba mtoto "hakutiwa gesi". Tunawaeleza, na wengine hawaridhiki.

Halafu tulifanya upuuzi mmoja. Kwa bidii tulikwenda skuli ya sekondari ya jirani kuonya juu ya vepu. Nilibeba ile ile, nikaieleza vizuri, na pengine vizuri kupita kiasi. Swali la kwanza kutoka nyuma ya darasa lilikuwa inauzwa wapi, na la pili ni shilingi ngapi. Hatukurudia. Taarifa kwa wanaosimamia dawa tuliipeleka, lakini ilichelewa wiki mbili kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameijaza fomu.

Kumwachia yeye aifungue kwa bisibisi yake ni jambo lililokwenda vyema kuliko yote, na halikuwa katika mpango wowote. Ningemhubiria saa nzima juu ya glisarini asingesikia nusu. Alipouona waya, alijua.

Betri aliiomba. Nilisita, nikampa, anaitumia kujaribia simu zilizoharibika. Kichwa cha vepu na pamba yake bado vimo kwenye droo yangu, ndani ya mfuko, na ukiufungua bado unanuka karafuu. Pampu yake anaitembeza na utepe mweupe uliozungushwa kwenye kopo la pampu, ambao juu yake anapiga kijistari kwa kalamu kila akipuliza. Mara ya mwisho alipokuja ulikuwa na vijistari 43 ndani ya miezi miwili na nusu.